Kigari changu cha gofu: namba imesomeka, ni cha 1996

Wakuu, imesomeka! Jana saa nne usiku nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, kompyuta nimeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu ikatoa mlio na herufi zikajipanga kwenye kioo: AQ9614, halafu kistari na tarakimu sita ambazo zinabaki nyumbani kwangu. Wiki tatu nzima nimeitafuta namba hii, namba ya utambulisho ya kigari changu inayotaja kilitengenezwa lini. Nilipiga ukelele hadi mke wangu akatoka jikoni mbio akidhani nimejikata.

Kwa ambao hawakufuatilia tangu mwanzo: naishi Peachtree City, Georgia, na huku kigari cha gofu si cha wacheza gofu peke yao. Mji una njia zake maalumu zinazozidi kilomita 160, zinapita msituni na kandokando ya maziwa, na watu wanaenda nazo dukani, kanisani, hadi kuwachukua watoto shule. Changu nilikinunua Machi kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama. Akaniambia ni Club Car DS ya 2004, yaani modeli ya DS ya kampuni ya Club Car. Karatasi hana, risiti hana, ila mdomo anao. Rangi ya kijani inang'aa, betri zinaonekana safi, nikalipa.

Kilichonifungua macho ni kiegemeo cha kiti. Niliagiza kipya kwa mwaka ule ule wa 2004, kikafika, nikakiweka mahali pake na matundu ya boliti hayakukutana hata moja. Nikakigeuza, nikakipima kwa futi, nikakaa chini. Mnaozijua DS mnajua ninachokwenda kusema: katalogi za vipuri huzigawa DS mbele na nyuma ya "2000.5", maana katikati ya mwaka 2000 kiti kilibadilika. Cha zamani kina viegemeo viwili vilivyotengana, kipya kina kimoja kirefu. Changu kilikuwa na viwili tangu siku naletewa, na nilikuwa navitazama kila siku bila kuviona.

Sasa swali likawa moja tu: kama si 2004, ni lini?

Kujua kampuni iliyokitengeneza hakukunisumbua. Nilichomoa sumaku kwenye friji nikaigusisha kwenye chesi chini ya sakafu, ikadondoka. Alumini. E-Z-GO, kampuni nyingine ya vigari vya gofu, wangetumia chuma na sumaku ingeng'ang'ania. Jirani mmoja alisisitiza kwamba lazima iwe E-Z-GO kwa kuwa imetoka Augusta, lakini Club Car nao wako Augusta, hapa hapa Georgia. Tena mwaka 1978 walioinunua Club Car ni wakubwa waliotoka E-Z-GO. Kwa hiyo jina la mji halikusaidii kitu.

Mwaka ndio ulionitesa. Chini ya kiti kuna betri sita za volti 8, yaani volti 48, na nyuma yake kuna lile boksi jeusi la kompyuta lililopitiwa na waya mnene. Mfumo huo Club Car waliuanza 1995, kwa hiyo chini ya hapo siwezi kushuka. Kwenda mbele au nyuma ni kwa mkono wa kuzungusha ulio chini ya kiti, si swichi ya kubonyeza, na kichwani mwa mota hakuna sensa ya mwendo, basi IQ, mfumo wa Club Car uliofuata baada ya huo, nayo nikaitoa. Nikabaki na dirisha la miaka mitano hivi. Betri zenyewe ni Trojan, na kwenye nguzo hasi zimegongwa D8, yaani Aprili ya mwaka unaoishia na 8. Nawaomba sana, msikisie umri wa kigari kwa betri. Betri inakueleza mara ya mwisho mwenyewe alipotoa hela, basi.

Kwa hiyo ikabaki lebo yenye namba ya utambulisho. Kwenye DS iko upande wa abiria, chini ya kile kisanduku cha dashibodi. Nikalala chali, nikamulika, nikakuta nini? Rangi ya kijani. Aliyepaka alipulizia kila kitu, lebo na yenyewe humo humo. Nilikasirika, sifichi. Mtu anafunika tairi kwa magazeti asizichafue, halafu anashindwa kubandika kipande cha tepu juu ya kitu pekee kinachotaja kigari ni cha lini!

Hapo nikafanya kosa. Nilichukua pamba yenye thina nikafuta. Rangi ikatoka vizuri, nikafurahi, na nilipoigeuza pamba nikaona nyeusi juu ya kijani. Wino wa lebo ulikuwa unakuja nao. Nikaacha palepale, mikono ikitetemeka. Nikampigia shemeji yangu Tanga, yeye ni fundi pikipiki na amefufua namba za injini nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Shemeji, umetumia thina?"

"Nimetumia."

"Basi usiiguse tena. Hiyo imechapwa, haijagongwa. Iliyogongwa ina mfereji, hata ukipiga msasa inabaki. Iliyochapwa ikifutika imefutika. Tafuta maji ya moto na sabuni, na uwe na subira."

Usiku nne. Kitambaa cha maji ya moto juu ya lebo dakika kumi, kisha ukingo wa kadi ya benki iliyoisha muda, nakwangua upana wa punje ya mchele, nakipasha tena. Mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu ilisaidia kuliko vyote: rangi ikipata joto inalegea na kutoka kama ganda la kitunguu, na lebo inabaki. Nawaambia kwa dhati, dawa za chupa mnazonunua za kutoa rangi ziacheni kwa milango na mageti. Kwenye lebo, ni joto na plastiki.

Ikatokea A. Ikatokea Q. AQ ni DS ya umeme ya volti 48 (ingekuwa ya petroli ningeona AG), kwa hiyo lebo na betri zinakubaliana, nikapumua. Baada ya herufi, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni wiki. Nikaona 9. Nikaona 1 na 4 za wiki. Na katikati yake, mahali hasa pamba ya thina ilipopita, doa. Chini yake mviringo umefunga, juu hakuna kitu. Inaweza kuwa 6, inaweza kuwa 8.

Mtu atasema 96 au 98 kuna tofauti gani. Kwangu ipo. Vitabu vya ufundi vya Club Car vinatoka kwa mwaka, na ramani ya waya ndiyo ninayoihitaji kuliko chochote maana chaja inawaka siku inapotaka. Sikuwa tayari kufuata ramani ya kubahatisha kwenye volti 48.

Nilisugua penseli juu ya karatasi: hakuna kitu, kama shemeji alivyosema. Nilimulika tochi kwa ubavu: mng'ao mtupu. Nikataka kulinganisha na 6 au 8 nyingine kwenye tarakimu za mwisho, hazina hata moja. Siku tatu nilikuwa napita gereji bila kuwasha taa.

Jibu limenijia dukani. Nilikuwa najilipia mwenyewe kwenye mashine, mfuko wa unga wa mahindi umechanika na bakodi yake imebaki nusu. Nikasema hautasoma. Ukasoma. Nikasimama pale na mfuko mkononi, watu nyuma yangu wanasubiri. Mistari ya bakodi ni mirefu kwa sababu hiyo: kila mstari unasema kitu kilekile kuanzia juu mpaka chini, mashine inahitaji ukanda mwembamba tu unaokatisha yote. Na lebo yangu ina bakodi! Thina ilikula tarakimu na sehemu ya chini ya mistari. Juu ilikuwa imebaki.

Simu ilikataa kuisoma moja kwa moja, jua la miaka limeufanya wino kuwa kijivu juu ya manjano. Nikapiga picha, nikaibadilisha kuwa nyeusi na nyeupe, nikaukaza weusi mpaka mwisho, nikakata ukanda wa juu tu, nikaufungua kwenye kompyuta na kuuelekezea simu. Mara ya kwanza kimya. Nikaongeza mwanga wa kioo. Mlio.

Wiki ya 14 ya mwaka 1996, mwanzoni mwa Aprili. Miaka minane zaidi ya niliyoambiwa. Hasira zilinijia kidogo kwa ajili ya bei niliyolipa, halafu zikaisha, kwa sababu sasa nakijua.

Mpango wa wiki hii ulikuwa solenoidi na viatu vya breki, na kitabu cha 1996 nimeshakiagiza. Lakini nimekwama mahali pengine. Pale nilipokwangua kuzunguka lebo, chini ya kijani kuna rangi nyeupe ya maziwa, haina mkwaruzo, inang'aa kama sahani. Leo asubuhi nikajaribu kona ya nyuma ya bodi kwa joto lile lile, kijani kikatoka na ikaonekana tarakimu nyeusi, 3, kubwa kama kiganja. Viwanja vya gofu hupiga namba vigari vyao. Hiki kilikuwa na namba uwanjani, na kuna tarakimu nyingine pembeni ambayo nimefikia robo yake. Breki zitasubiri Jumamosi. Mashine ya nywele ipo gereji, na mke wangu ameniambia sasa ninunue yangu.