Fundi wa boila na jiko la kuni la wazungu wa chai

Julai ya 2006 tulikuwa bado tunakaa Mufindi, kwenye zile nyumba za zamani za mashamba ya chai, ukuta mnene, dari liko juu huko, joto lote linapanda kwa popo na wewe chini unatetemeka na sweta mbili. Na ukungu wa kule kipindi cha kipupwe anayeujua anaujua, nguo unaanika Jumatatu Alhamisi bado mbichi.

Dada alikuwa amejifungua wiki hiyo. Mama akatangaza jiko la mkaa haliingii chumba cha mzazi na hapo hamna mjadala, maana kwetu kila baridi ikishika unasikia watu wamelala na mkaa ndani, wamefunga mlango na dirisha, asubuhi hawakuamka. Ile hewa ya mkaa haina harufu, haina moshi, inakulaza tu. Kwa hiyo tukabaki na lile jiko la kuni la chuma lililoachwa sebuleni na wazungu wa enzi hizo, zito, watu wanne hawaliinui, maandishi yake kutu imekula nusu.

Shida likiwashwa nyumba nzima macho yanatoka machozi. Kuni zilikuwa za mikaratusi, muuzaji kaapa ni kavu, ukiziweka zinalia shiiii na kutoa povu kwenye ncha, baada ya lisaa moto umekufa. Baba akasema hilo jiko limeisha, lipimwe liuzwe chuma chakavu. Mama hakumjibu, alinituma nikamwite mzee jirani.

Huyu mzee alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, kazi yake maisha yote ilikuwa boila. Kama hujui, majani ya chai yanakaushwa kwa joto, na hilo joto kwa kule linatoka kwenye boila zinazokula magogo ya mikaratusi usiku na mchana, sasa mtu kakaa hapo miaka yote hiyo utamwambia nini kuhusu kuni. Akaja na tochi na kamfuko. "Kamwene mama." "Kamwene baba, karibu ndani." Hakuingia. Alisimama kwanza nje akiangalia bomba, limetoa moshi mzito wa kijivu, akasema, "Mama, hizo ni kuni zako hizo zinaondoka. Umezilipia halafu zinapita juu."

Tukalizima, likapoa. Kuna kitu alifanya sijawahi kukisahau: aliwasha tochi akaiweka ndani ya jiko, akafunga mlango, akaniambia nizime taa. Aisee, mwanga ukawa unachungulia kila kona, kwenye viungo vya nyuma, chini ya mlango, kila mahali. "Hewa inaingia inapotaka yenyewe, hapo hata ukifunga kitundu cha hewa unajidanganya." Nikatumwa udongo wa kichuguu, tukauponda na majivu yaliyochekechwa, tukaziba viungo. Kamba ya kuzibia ukingo wa mlango wa jiko ilikuwa imekauka inamong'onyoka, aliilowesha maji kwanza ndo akaibandua kwa bisibisi, alisema vumbi lake si zuri kifuani, akapachika kipande cha kamba ya mlango wa boila alichokuja nacho. Kupima akabana karatasi ya daftari langu mlangoni akavuta, ikagoma kutoka. Akazungusha pande zote nne hivyo hivyo. Bomba tulilisugua kwa matawi ya msindano tuliyofunga kwenye kamba na jiwe, yakatoka masizi meusi yanayong'aa, yananata mkononi kama lami. Hayo siku yakishika moto ndani ya bomba, alisema, dari hamtaliona.

Kuni zetu alizikataa zote. Aligonganisha vipande viwili vikalia du, du, akavitupa. Mti ukikatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo moto wako unahangaika kuchemsha maji. Nikaenda kuomba mabanzi kwa fundi mbao na kuni za miti ya miwati za mwaka jana zilizokuwa chini ya banda lake la kuku, zimepasuka nyufa kwenye ncha, ukigonga zinalia ko, ko.

Akapanga minene chini, myembamba juu, kiberiti akawasha juu kabisa. Baba akacheka, "Mzee, moto unawashwa chini bwana." "Subiri mwanangu." Kweli, moshi wa kuni za chini ukawa unapita kwenye ndimi za juu unaungua hapo hapo, sebule haikunuka kabisa.

Saa nne usiku akavuta makaa yote mbele karibu na mlango, nyuma akabananisha magogo ya mwati bila nafasi, akaacha hewa wazi mpaka yakawa meusi kila upande, ndo akafunga kitundu cha chini na kuacha cha juu upenyo kidogo. Mama alitaka kufunga chote ili zidumu, akamzuia, "Ukilinyonga linarudisha moshi na masizi, liache lipumue." Mimi na baba tukatoka kuangalia bomba, hamna moshi, ni joto tu linapanda mpaka nyota zinachezacheza juu yake. Baba hakusema kitu, akarudi ndani kulala.

Asubuhi ukichokoa majivu makaa yapo mekundu, mama akainjika uji wa ulezi wa dada juu ya jiko lile lile. Mzee alikataa hela, akachukua kuku. Yule muuzaji alipopita tena mama alimgongea kuni zake mbele ya watu, du, du, mpaka akaona aibu akapunguza bei, na tulizinunua kwa ajili ya mwaka unaofuata, zikapasuliwa na kupangwa chini ya bati pale baba alipokuwa anapaki pikipiki. Alilalamika mpaka mvua za Novemba.