Watu Wote Wanakutafuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Marko 1:32–38.

Ilikuwa Sabato pale Kapernaumu. Yesu alikuwa amefundisha katika sinagogi, amemtoa mtu pepo, kisha nyumbani kwa Simoni amemwinua mkwewe aliyelala na homa. Watu wakasubiri jua lichwe, Sabato iishe, ndipo wakaanza kubeba wagonjwa wao. Marko anasema mji wote ulikusanyika mlangoni. Alfajiri na mapema sana, kabla hakujapambazuka, Yesu ametoka, yuko mahali pasipokuwa na watu, anaomba. Simoni na wenzake wakamsaka mpaka wakampata, na neno lao lilikuwa moja: "Watu wote wanakutafuta."

Sisi wa Moshi kauli hiyo tunaijua. Washa simu asubuhi uone: kamati ya harusi, kipaimara cha mtoto wa binamu, vikoba, jumuiya, ukoo, wazazi wa darasa la nne. Kila mmoja anakuhitaji, na hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Ndiyo maana mafundisho mengi kuhusu muda hayanigusi sana, maana yanatuhubiria uvivu. Mama anayepanga mitumba Kiborloni tangu asubuhi, akarudi kupika, jioni akaenda mazoezi ya kwaya, utamwambia nini kuhusu uvivu? Shida yake ni kwamba siku yake imeshagawanywa na wengine kabla yeye hajanawa uso.

Sasa sikia Yesu alivyomjibu Simoni: "Twendeni mahali pengine." Hakurudi. Na Kapernaumu bado kulikuwa na watu wanaomtaka, wengine bila shaka wakiwa na wagonjwa wao. Ukisoma haraka unaweza kuona ni ukatili. Lakini sababu ameitoa mwenyewe: ahubiri na katika vijiji vya karibu, "maana kwa hiyo nalitokea." Alijua kilichomleta, na alikuwa ameshazungumza na Baba yake kabla Simoni hajafika akihema. Anayesubiri mpaka aulizwe ndipo aamue, atasema ndiyo kwa aliyewahi kuuliza, au kwa mwenye sauti kubwa zaidi. Kwa kawaida huyo ni shangazi.

Wazee wetu huku mlimani walichimba mifongo, ile mifereji ya kuleta maji vihambani kwenye migomba, na maji yakaenda kwa zamu. Pale yalipokuwa machache, usiku waliyaacha yajae kwenye nduwa, kile kibwawa cha udongo, na asubuhi wakalizibua tundu. Maji yaliyokusanyika usiku hushuka kwa nguvu, yakafika hadi mgomba wa mwisho. Yasipokusanywa, kijito chembamba hunywewa na udongo wa njiani. Alfajiri ya Yesu naiona hivyo. Wengi wetu tunafungulia siku nduwa ikiwa tupu, na wa kwanza kunywa ni simu.

Si lazima iwe saa kumi usiku. Mwenye mtoto mchanga, au anayetoka zamu ya usiku hospitalini, asijitwike mzigo huo. Dakika kumi kabla ya kugusa simu zinatosha kumuuliza Mungu: leo nimetokea kwa lipi?

Ila kuna hatari upande wa pili. Wapo tunaowajua ambao wamejifunza kupanga muda hadi wamekuwa hawakaribiki. Ukipita kwao bila taarifa unajuta. Hao nawaelekeza Marko 5. Jairo amekuja, binti yake wa miaka 12 yuko kufani, kila dakika ina uzito. Njiani mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12 anagusa vazi, na Yesu anasimama! Anauliza ni nani aliyemgusa, anamtafuta kwa macho, anamsikiliza mpaka amalize kusema kweli yote. Mimi humwonea Jairo huruma kila nikisoma hapo. Taarifa ya msiba inafika Yesu akiwa bado anazungumza na yule mama.

Aliyeuacha mji mzima ndiye huyu anayesimama kwa mtu mmoja. Nadhani aliweza hili la pili kwa sababu aliweza lile la kwanza. Ukikubali kila wito, siku inajaa hadi pomoni, na anayekugusa njiani unamwona kero: mwanao anayetaka kukuonyesha daftari, mama mkwe aliyepiga simu kusalimia tu.

Na tukiwa hapo, tuviseme vikao vyetu. Kikao kimeitishwa saa kumi jioni. Saa kumi na nusu mwenyekiti anapiga simu: "Nipo hapa kipilefti cha YMCA," kumbe bado yuko Machame anatafuta viatu. Watu 30 wakimsubiri dakika 40, ni saa 20 za watu wa Mungu zimekwenda. Halafu tunafungua kwa sala kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunaogopa sana kuchukua shilingi mia ya mtu bila ruhusa. Saa yake tunaichukua tukicheka.

Wiki hii tazama mialiko uliyonayo mkononi. Ule ambao moyoni unajua hutaenda, au utaenda ukiwa umenuna, usingoje siku yenyewe. Mpigie katibu leo, mwambie kwa heshima: "Dada, sitaweza kuja vikaoni, ila mchango wangu nautuma Ijumaa." Atanung'unika kidogo, pengine atakutaja kwa wenzake. Kisha ataandika jina lako upande wa mchango na kuendelea na orodha yake. Na Ijumaa ikifika, tuma kweli.