Kumbukumbu ya mradi: bega la A-2 limekubali rangi mpaka juani

Wadau, bega la kushoto la lile jaketi la ngozi limekaa! Leo asubuhi nimelitoa nje kwenye jua lenyewe la hapa Mtwara, nikamwita jirani nikamwambia nionyeshe kiraka kiko wapi, akapeleka kidole bega la kulia ambalo sijaligusa kabisa. Nimefurahi mno, nimeacha kila kitu naandika.

Kwa mliochelewa, ni A-2 ya mitumba, lile jaketi la ngozi la marubani wa jeshi la Marekani. Sio zile za vita vya pili, maana zile za mwanzo Marekani walianza kuwapa marubani wao mwaka 1931 na nyingi zilikuwa za ngozi ya farasi. Hii ni ya baada ya 1988 walipoirudisha tena jeshini, na lebo ya shingoni inasema ngozi ya mbuzi. Mwenyewe ni mtu wa bodaboda anapandisha sana Newala, na mnaijua Newala mwezi wa saba alfajiri ilivyo na baridi. Begani ilichanika, rangi ikabanduka, na unyevu wetu wa pwani ukaongezea ukungu kwenye kola.

Kiraka cha ndani siwachoshi, mnajua: fumua bitana, kipande cha ngozi laini kwa ndani, gundi inayonyumbulika, msasa laini juu, spiriti kutoa mafuta. Ila nawaomba, supagluu hapana. Inakauka kama kioo halafu ngozi inakatika upya pembeni yake.

Shida ilikuwa rangi. Yaani hii brauni imenitesa. Ukiiangalia haraka unasema ni brauni ya kawaida, ukikaa nayo unaona chini yake kuna damu ya mzee na juu kama ugoro uliokolea. Nafanya kazi usiku nikitoka kibaruani, nachanganya, napaka kwenye kipande cha majaribio, nakausha kwa draya (lazima ukaushe, rangi za akriliki zikiwa mbichi zinaonekana nyepesi, zikikauka zinakolea), naona imeingia kabisa, nalala na amani, asubuhi natoka nje kiraka ni cha kijani! Kijani kabisa, kama jani la mwembe linalokauka. Nakoleza nyekundu, usiku inakaa, asubuhi imekuwa tofali. Hasira niliyokuwa nayo acha tu.

Kumbe kuna mambo mawili. La kwanza taa, hizi balbu za LED za bei rahisi nyingi mwanga wake una upungufu wa wekundu, kwa hiyo rangi mbili zilizochanganywa kwa njia tofauti zinafanana chini ya balbu na kuachana juani. Siku hizi naamulia rangi nje tu, kivulini, mchana, usiku nashona. La pili, na hili ndilo lilikuwa baya zaidi, ni rangi nyeusi. Kila fundi atakwambia brauni ikiwa nyepesi tia nyeusi. Nyeusi ikikutana na njano inazaa ukijani, basi. Nimeitoa nyeusi mezani kabisa, sasa nakoleza kwa bluu ya giza kidogo sana, ncha ya kijiti, juu ya nyekundu ya udongo na njano, na brauni inayotoka ina uhai.

Halafu ikaja kunishika kwamba jaketi lililovaliwa miaka yote hiyo halina rangi moja. Ngozi ya mbuzi ina vipele vidogo, juu ya vipele rangi imelika, kwenye mabonde imebaki nzito, sasa ukipaka rangi moja bapa hata iwe sahihi vipi jicho linaikataa. Kwa hiyo tabaka la kwanza nimepaka ile nyepesi yenye wekundu, nikaacha ikauke, juu yake ile ya giza niliyoizimua kwa maji, na kabla haijakauka nikapitisha kitambaa chenye unyevu, giza likabaki mabondeni tu. Nikafunga na varnishi ya maji isiyong'aa, maana kiraka kinachong'aa kinaonekana hata kama rangi ni ile ile.

Vifaa: sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwa vipande, mimi siibadilishi na brashi yoyote, brashi inaacha mistari. Bunduki ya kupulizia inapendeza ila kwa bega moja utatumia muda mwingi kuiosha kuliko kupaka. Na dawa ya viatu msiguse kabla ya rangi, ile ni nta, rangi haishiki.

Kilichofuata kilikuwa kubadilisha zile sehemu za kufuma za mikononi na kiunoni. Zitasubiri, maana nimepata wazo. Ule utando wa brauni unaofunika punje ya korosho baada ya kubangua una tanini nyingi (ile kemikali ya mimea inayotumika pia kutengenezea ngozi), na tanini ikikutana na maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki inatoa weusi unaoingia ndani ya ngozi, haukai juu kama rangi. Hii ngozi ukiangalia ilipokatwa ina ukijivu wa bluu, yaani imetengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu, sio kwa tanini, kwa hiyo maji ya misumari peke yake hayatafanya kitu, lazima tanini itangulie. Nimeshapewa mfuko wa utando na mama mmoja anayebangua (utando tu, ganda la nje lina mafuta yanayobabua mikono), nimeuchemsha, na nimelowekea ngozi ya kiatu chakavu, sio jaketi la mtu. Kesho natia maji ya misumari. Mwenye kujua namna nzuri ya kuiua ile siki baadaye isije ikala ngozi aniambie, mimi nafikiria magadi kidogo sana kwenye maji mengi.