"Quite": kiasi au kabisa?

Mgeni akila sato pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, akasema "quite good", usishangilie kabla hujajua atokako. Kwa Mwingereza, "quite" mbele ya kivumishi chenye viwango, kama "good" au "big", mara nyingi hupunguza: ni mzuri kiasi. Akikaza sauti kwenye "quite" yenyewe, sifa hushuka zaidi. Mmarekani kwa kawaida anasifu kwelikweli.

Kivumishi kisicho na viwango, ama ndiyo ama siyo, hugeuza maana: "quite impossible" ni haiwezekani kabisa, kwa wote wawili.

Mpangilio ndio huwaponza wengi: "quite a big fish", yaani "a" hufuata baada ya "quite". Na tahajia! Ukiandika "quiet", umesema kimya.