Jinsi Nilivyoipa Kila Sikukuu Kisa Chake

Nyumbani kwetu sikukuu ya majira au siku ya kuzaliwa haihesabiwi kuwa imeadhimishwa mpaka mambo matatu yapatikane: kisa cha kale kinachosimuliwa kwa sauti, kumbukumbu ya mtu aliyekuwapo, na kitu kilichobuniwa na wenyewe wanaosherehekea. Utaratibu huu haukuzuka siku moja. Ulianza watoto walipofikia umri wa kuuliza kwa nini tunakusanyika siku fulani na si nyingine, nami nikaona kwamba swali hilo linastahili jibu lenye uzito kuliko zawadi na mapambo, kwa kuwa mtoto anayeijua sababu ya sherehe huja kuiendeleza atakapokuwa na nyumba yake mwenyewe.

Nilianzia angani, kwa sababu sikukuu nyingi za majira zimefungamana ama na jua ama na mwezi. Usiku na mchana hulingana tarehe 20 au 21 Machi, kisha tena tarehe 22 au 23 Septemba. Jua hufika mwisho wa mwendo wake wa kaskazini tarehe 20 au 21 Juni, na wa kusini tarehe 21 au 22 Desemba. Mwezi nao una hesabu yake. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, ndiyo maana Idi hutangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka, na mtu anayejaliwa umri mrefu huisherehekea katika majira yote. Pasaka ya makanisa ya Magharibi hungojea Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, hivyo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Nilichora duara kubwa kwenye kadi ngumu, nikatia alama siku hizo nne za jua, kisha nikaandika jina la kila mwanafamilia mahali inapoangukia siku yake ya kuzaliwa. Kuanzia hapo kazi ilininyookea, maana watoto waliacha kuona tarehe tupu. Waliona kwamba kila mmoja wao amezaliwa jua likiwa mahali fulani katika safari yake, na kwamba ana sikukuu iliyo jirani naye.

Ninamsihi yeyote atakayejaribu jambo hili achague visa vinavyolingana na kile anachokiona akitoka nje. Masimulizi mengi yanayosambaa yametoka nchi za kaskazini, ambako Desemba ni mwezi wa giza. Kusini mwa dunia mwezi huohuo ni wa mchana mrefu, na karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, ila majira hujulikana kwa mvua na upepo. Mtoto akiambiwa kwamba jua limekimbia ilhali linamchoma utosini, atalisikiliza simulizi kama somo la darasani tu. Kwa sababu hiyo hatukuvifungia visa vyetu kwenye tarehe za watu wengine. Kisa cha giza tulikisogeza hadi wakati ambapo mawingu hukaa siku nyingi bila kuachia.

Kisa hicho ni cha Amaterasu, mungu wa kike wa jua wa Wajapani, kilichoandikwa tangu mwaka 712. Ndugu yake alifanya uharibifu mkubwa, naye kwa hasira na woga akajifungia pangoni, dunia ikabaki gizani. Miungu wengine hawakumvamia. Walitundika kioo mtini, mmoja wao akacheza ngoma juu ya pipa lililopinduliwa mpaka wote wakaangua kicheko, na Amaterasu, akishangaa wanacheka nini wakati hakuna mwanga, akafungua mlango kidogo achungulie. Alipouona mng'ao wake mwenyewe kwenye kioo akasogea mbele. Mwenye nguvu miongoni mwao akamshika mkono akamtoa, na nyuma yake ikafungwa kamba ili asirudi tena pangoni.

Sisi hukiigiza. Taa huzimwa, mmoja hujifunika shuka chini ya meza, na waliobaki hutakiwa kumfanya atoke bila kumgusa. Kioo hutengenezwa kwa karatasi ya kung'aa iliyobandikwa kwenye sahani ya bati, na kamba husukwa na wadogo kwa vitambaa vilivyochanika. Ninaamini kabisa kwamba kisa hiki kimewafundisha wanangu namna ya kumwendea mtu mwenye huzuni kuliko nasaha zangu zote. Nimewahi kumsikia mmoja wao, ndugu yake alipojifungia chumbani akilia, akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Usimgongee mlango. Tucheke hapa nje."

Kisa cha Wagiriki cha Demeta, mungu wa kike wa mazao, na binti yake Persefone tunakisimulia kwa ufupi usiku wa kuamkia safari ya anayerudi shule ya bweni. Persefone alikula punje za komamanga kuzimuni, akalazimika kukaa huko theluthi moja ya kila mwaka, na ardhi humlilia mpaka arudi. Hakihitaji mapambo yoyote.

Kwa mwaka mpya nilijifunza kutoka Nauruzi ya Waajemi, inayoangukia siku ya mlingano wa Machi na ambayo Umoja wa Mataifa uliitambua kuwa siku ya kimataifa mwaka 2010. Desturi hiyo ilisafiri na bahari hadi Zanzibar, na huko Makunduchi, mwezi wa Julai, husherehekewa Mwaka Kogwa: kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanaume hupigana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka uliopita viishe hapohapo. Sisi hatupigani, lakini tumechukua maana yake. Kila mtu huandika kinyongo alicho nacho, humsomea anayehusika, wakasameheana, kisha karatasi zote huingizwa katika kijumba cha maboksi tulichokijenga wiki nzima na kukipaka rangi, tukakichoma uani. Watoto huumia kidogo kuona kazi yao inateketea, nami sioni vibaya, kwa sababu kuacha kinyongo nako kunauma.

Siku za kuzaliwa zilihitaji fikra zaidi. Herodoto, mwanahistoria wa Wagiriki wa kale, aliandika kwamba Waajemi waliitukuza siku ya kuzaliwa kupita siku nyingine zote, na Warumi siku hiyo walimtolea sadaka ya divai na ubani roho mlinzi aliyeaminiwa kuzaliwa pamoja na mtu. Mishumaa ya siku ya kuzaliwa ilijulikana Ujerumani katika karne ya 18, na palikuwa na desturi ya kuzidisha mmoja kwa ajili ya mwaka unaokuja. Nilipenda huo wa ziada, nikauchukua: anayezaliwa huuwasha mwenyewe, akataja jambo moja analotaka kujifunza. Hata hivyo, kitovu cha siku yenyewe ni simulizi ya kuzaliwa kwake, inayotolewa na waliokuwapo. Masharti ni kwamba kila mwaka iongezwe habari moja ambayo haijawahi kutajwa: nani alibeba begi, mvua ilianza saa ngapi, babu alisema nini alipompakata. Hupigwa simu kwa shangazi na majirani wa zamani kutafuta habari hiyo, na mazungumzo hayo huwa marefu kuliko tulivyotarajia. Yote huandikwa katika daftari lenye kurasa za kila mtu.

Aliyetushughulisha kuliko wote ni mama mkwe, ambaye hakuwa na siku ya kuzaliwa. Katika kitambulisho aliandikiwa tarehe 1 Januari, kama wengi wa rika lake ambao tarehe zao hazikuandikwa popote. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, tarehe siijui. Lakini marehemu mama alikuwa akiniambia mashuke yalikuwa yameanza kuinama, na watoto wote walikuwa shambani wanafukuza ndege." Tulikaa naye jioni nyingi. Dada yake mkubwa alikumbuka kwamba nzige walikuja akiwa bado ananyonya, mtu mwingine akakumbuka ndoa iliyofungwa msimu uliotangulia, na kwa kuunganisha hayo tukapata mwaka unaoaminika pamoja na majira yasiyo na shaka. Nilimshauri achague tarehe. Alikataa tarehe, akachagua mwezi mpevu unaotangulia mavuno, hivyo siku yake husogea kama Pasaka, naye hulifurahia jambo hilo.

Kwa ajili ya sherehe yake ya kwanza wajukuu walimwomba aeleze vilivyotumika kufukuza ndege, wakatengeneza kama alivyoeleza: makopo yenye kokoto ndani, yaliyotungwa kwenye kamba ndefu kutoka mti hadi mti. Aliivuta mwenyewe, akasikiliza, akasema kokoto ni nyingi mno, zipunguzwe ili mlio uwe mkali. Zilipopunguzwa akavuta tena, na hapo akaanza wimbo ambao mume wangu alikuwa hajausikia tangu alipokuwa mdogo. Tuliurekodi kwa simu na maneno yake yamo daftarini.

Siku ya kuzaliwa ya marehemu baba yangu tunaiadhimisha pia. Hatuwashi mishumaa, kila mtu huleta swali ambalo angependa kumuuliza, na wakubwa hujibu kwa kadiri walivyomjua. Watoto ambao hawakumwona wanamfahamu kwa njia hiyo, pamoja na ukali wake na ukarimu wake.

Sasa watoto wenyewe wameanza kutunga visasili kwa ajili ya miezi ambayo haina kisa kwenye duara. Kanuni niliyowawekea ni moja: kisa lazima kieleze jambo linaloonekana nje katika mwezi huo. Wa pili, aliyezaliwa wakati upepo unapogeuka, ametunga kwamba upepo ni tarishi anayebeba majina ya watoto watakaozaliwa, naye hugeuka kila anapogundua kwamba amesahau jina moja. Bibi yake alimuuliza upepo huyo analala wapi, na kijana akaomba apewe muda. Jibu alilileta siku yake iliyofuata likiwa na michoro, na mdogo wake ameshajiandikisha kuigiza upepo.