Nilivyoielewa njia ya steroli za mimea kwa kuhesabu kaboni

Mchoro wa jinsi mmea unavyotengeneza steroli (jamii ya molekuli za mafuta ambamo kolesteroli nayo imo) unatisha kwa majina yake: sikloyukalenoli, obtusifolioli, lofenoli za kila namna. Wenzangu darasani waliyakariri kama kasida. Mimi majina hayanikai, hesabu hunikaa. Basi nikauchora upya mchoro, majina mengi nikayaacha nje, nikabakiza vimeng'enya na idadi ya kaboni.

Mwanzo ni 30. Skwaleni ni uzi wa kaboni 30 usio na pete hata moja. Kimeng'enya cha kwanza huutia oksijeni penye ncha, cha pili huukunja. Hapa ndipo mimea inapoachana na wanyama na kuvu: wao hupata lanosteroli, mmea hupata sikloatenoli, yenye kijipete cha ziada cha kaboni tatu. Hesabu bado 30.

Kisha kimeng'enya SMT1 anaongeza methili moja (kikundi chenye kaboni moja) kwenye mkia, nasi tuko 31. (Vimeng'enya vyangu nimevifanya watu, mtanisamehe.) Baada ya hapo methili tatu zinapaswa kung'olewa kwenye pete: mbili nafasi ya 4, moja nafasi ya 14. Hii ya 14 ni kazi ya kimeng'enya CYP51, ambaye kuvu nao wanaye; wa kuvu ndiye anayezibwa na dawa za ukungu za jamii ya azoli.

Kilichonisumbua ni zile mbili za nafasi ya 4. Wanyama na kuvu huzing'oa mfululizo. Mmea hung'oa moja mapema, hufungua kijipete, humwita CYP51, na ile ya pili huisubirisha hadi mbele kabisa. Kwa nini njia imepangwa hivyo sioni haja ya kubuni sababu, ila namba zilinionyesha kinachotokea katikati. Tulikuwa 31, zimetoka mbili, tuko 29. Hapo njia inagawanyika. Molekuli ikipita moja kwa moja, methili ya mwisho inang'oka na tunafika 28: kampesteroli. Ikidakwa kwanza na kimeng'enya SMT2, inaongezewa kaboni ya pili mkiani, inarudi 30, kisha inashuka 29: sitosteroli.

Njia panda hii ndiyo moyo wa jambo lote. Kampesteroli ni malighafi ya brasinosteroidi, homoni za ukuaji. Sitosteroli hukaa zaidi kwenye utando wa seli. Watafiti walipomzidisha SMT2 katika mmea wa Arabidopsis, kampesteroli ilipungua na mimea ikawa mifupi.

Maabara ndiko hesabu iliponilipa. Steroli za mafuta ya alizeti tulizivisha kikundi cha trimethilisilili ili zigeuke mvuke kirahisi kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli. Vazi hilo huongeza 72, kwa hiyo kila uzito niliutoa 72. Zikabaki 400, 414 na 412. Kutoka 400 hadi 414 ni 14, yaani kaboni moja na hidrojeni mbili: kampesteroli na sitosteroli, bila kufungua kitabu. Ile 412 kaboni zake ni 29 vilevile, kuhesabu kaboni peke yake hakusaidii. Imepungukiwa hidrojeni mbili tu, maana kimeng'enya cha kundi la CYP710A kimeweka bondi maradufu kwenye kaboni ya 22 ya sitosteroli. Hiyo ni stigmasteroli.

Na ukitoa tatu kwenye 30 bila kuongeza kitu mkiani? Unapata 27, kolesteroli. Ndiyo, mimea nayo huitengeneza, kwa kawaida kidogo sana. Kwenye viazi mbatata kuna kimeng'enya kiitwacho SSR2 kinachoiwahi sikloatenoli kabla ya SMT1, kikaiondoa bondi ya mkiani ambayo methili ingeshikia. Kolesteroli inayopatikana huko ndiyo kiazi hugeuza kuwa solanini, ile sumu inayotufanya tukitupe kiazi kilichogeuka kijani.