Mtoto akitangulia kuzoea

Lewiston, Maine. Jumapili usiku.

Wiki hii kwenye kikao cha wakazi, mzungu mmoja, mtu mwema kabisa, aliuliza kama sisi tuliotoka Afrika tumeshazoea maisha ya hapa. Majibu yalikuja mengi na yote mazuri. Watoto wanafaulu. Wazazi wako kazini. Wengine wameshanunua nyumba. Nilipiga makofi na wenzangu, na sikuyapinga. Ila tangu siku hiyo kuna jambo linanisumbua, na nataka kuliandika kabla wiki ya kazi haijaanza.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtu wa Kasulu, Kigoma. Nafanya ukalimani wa Kiswahili: hospitali leo, shuleni kesho, mahakamani keshokutwa. Watu ninaowakalimania wengi ni Wakongo wa Fizi na Uvira, na Warundi, na baadhi yao walipita au walizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani kwetu. Siri za watu sizitoi, kazi yenyewe hairuhusu. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo kila mmoja wetu anayaongea wazi, kanisani na kwenye misiba.

Marekani inajua kumwingiza mtu kazini, hilo niliseme kwanza. Kabla mpango wa wakimbizi haujasimamishwa Januari 2025, familia ilikuwa ikishuka kwenye ndege inakuta mhudumu anaisubiri, na msaada wa kuanzia maisha ulikuwa wa siku 90. Ndani ya siku hizo ulikuwa ukipata namba ya hifadhi ya jamii, watoto wakiandikishwa shule, wewe ukitafutiwa kazi. Hata nauli ya ndege ilikuwa mkopo, na ulianza kuulipa baada ya miezi michache tu. Baada ya mwaka unaomba grini kadi, yaani kibali cha kuishi hapa moja kwa moja. Ukifikisha miaka 5 unaomba uraia. Baba aliyekuwa akilima mihogo Fizi, au aliyekaa kambini miaka 20 akikatazwa hata kutoka kwenda kutafuta kibarua, ghafla ana shifti, ana mshahara, analipa kodi ya serikali. Nimewaona watu wakinyooka mgongo kwa sababu hiyo peke yake. Sitaki mtu yeyote alichukulie kuwa jambo dogo.

Mtoto naye anaingizwa darasani kwa umri wake. Kama ana miaka 13, anakaa na wa miaka 13, hata kama kambini aliishia darasa la tatu. Mwaka wa kwanza anateseka. Wa pili anacheka nao. Wa tatu ukimsikia kwenye simu huwezi kumtofautisha na mtoto aliyezaliwa Auburn, ng'ambo ya mto. Hapo ndipo watu wanaposema familia imezoea.

Lakini angalia ndani ya nyumba. Kanuni za afya za Marekani zinakataza hospitali kumtumia mtoto mdogo kuwa mkalimani wa mzazi wake, isipokuwa kwenye dharura. Ni kanuni nzuri, na nimesimama mara nyingi mahali ambapo mtoto angesimamishwa kama isingekuwepo. Kanuni hiyo inaishia mlangoni mwa hospitali. Nyumbani nani anasoma barua ya mwenye nyumba? Nani anaongea na kampuni ya umeme? Nani anajaza fomu za shule, ambazo zamani zilikuja kwenye karatasi na siku hizi ziko kwenye simu? Ni yule wa miaka 12. Anajua baba amechelewa kulipa kodi ya nyumba. Anajua mama ana presha na dozi yake ni ipi. Anajua barua gani ni ya kutisha na ipi ni ya kutupa, na ndiye anayeamua ipi isomwe kwa sauti. Kwetu mtoto hajui deni la baba yake mpaka awe mtu mzima, na hata akilijua hulinyamazia. Hapa analijua kabla ya baba mwenyewe, halafu jioni yule baba anatakiwa amwambie zima simu ukalale, na asikilizwe.

Mama mmoja wa Kibembe aliniambia, tena mbele za watu na bila kuficha: "Dada, mutoto amekuwa mutu wa Amerika, mimi nimebaki Nyarugusu." Wenzake waliitikia kwa kichwa, hakuna aliyeshangaa.

Halafu kuna suala la kuchapa, ambalo kila kikao cha wazazi wetu huishia hapo. Kabla ya kusafiri watu walikuwa wakipewa mafunzo ya siku chache, na humo wakiambiwa kwamba Marekani mtoto hapigwi. Waliondoka na jambo moja kichwani: polisi, 911, namba ya simu ya dharura. Mtoto naye analijua. Mimi sitetei fimbo. Nimeona alama ambazo hazikupaswa kuwa kwenye mwili wa mtoto. Lakini watu wa nje wanadhani fimbo ndiyo ilikuwa malezi yetu, na hilo si kweli. Kule kijijini, na hata kambini kwenye zile zoni, mtoto alikuwa na shangazi wa kumsema, mjomba wa kumtuma, mzee wa kanisa wa kumuita pembeni, jirani wa kumuuliza "wewe mtoto wa fulani, unatoka wapi saa hizi?" Fimbo ilikuwa sehemu ndogo ya mtandao mkubwa. Tumefika Lewiston, mtandao wote umekatika, tumebaki wawili ndani ya apatimenti ya ghorofa ya tatu, na mmoja wetu yuko shifti ya usiku. Anayewaambia wazazi waache fimbo anasema kweli. Ningependa tu amalizie sentensi yake: waache fimbo, washike nini?

Mji huu ungeweza kutujibu, maana ulishapita njia hii. Wafaransa wa Quebec, Kanada, walianza kumiminika hapa miaka ya 1860 na 1870 kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo kama Bates, kando ya mto Androscoggin. Walibanana katika nyumba za mbao za mtaa ulioitwa Little Canada. Walisemwa maneno yale yale: hawachanganyiki, wana watoto wengi, wana dini yao. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, ilikuwa na nguvu Maine, na hapa ilikuwa ikiwawinda zaidi Wakatoliki hao, kwa kuwa watu weusi walikuwa wachache sana. Mwaka 1919 jimbo lilipitisha sheria kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza, na watoto wakawa wanaadhibiwa kwa kusema Kifaransa hata uwanjani. Wazazi wengi wakaona bora yaishe, wakaacha kuongea na watoto wao lugha ya nyumbani. Wajukuu wamezoea kabisa. Wana majina ya Kifaransa bado, Ouellette na Pelletier, na bibi yao akifa hawawezi kuimba wimbo wake.

Wazee waliobaki na Kifaransa chao hukutana Franco Center, jengo lililokuwa kanisa la Mtakatifu Maria. Na waliowaongezea watu wa kuongea nao ni Waafrika: Wakongo, Wajibuti, Watogo. Mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyechekwa utotoni kwa Kifaransa chake anakutana na kijana wa Bukavu anayekiongea bila haya yoyote. Sijui watu wangapi wa ofisini wanaliona jambo hilo kuwa ndiyo kuzoeana kwenyewe, lakini mimi ndivyo ninavyoliona. Mgeni amekuja na kitu mwenyeji alichokikosa.

Habari za Wasomali waliotutangulia hapa kuanzia 2001 zimeshaandikwa sana. Barua ya wazi ya meya ya Oktoba 2002 iliyowaomba waambizane wapunguze kuja. Maelfu waliojitokeza Januari 2003 kusimama upande wao. Ubingwa wa jimbo wa soka ambao vijana wa shule ya upili waliuleta mwaka 2015, wengi wao wakiwa watoto wa wakimbizi. Nafurahia ule ubingwa kama kila mtu. Lakini kwenye picha za ushindi wanaoonekana ni vijana. Wasomali, kwa bahati, walikuja wengi na wazee wao, wakafungua maduka mtaa wa Lisbon na misikiti, mzee akabaki na mahali pa kukaa na kuheshimiwa. Sisi wa Kiswahili tumetawanyika makanisa kumi, kila kabila na kwaya yake.

Ndiyo maana kwenye kikao nilitamani kuulizwa swali lingine: je, baba na mama bado wana neno nyumbani kwao? Kama jibu ni hapana, basi mtoto ameingia Marekani peke yake, akiwa na miaka 12, na sisi tumempongeza.

Tumeanza kitu. Kanisa moja limetupa chumba cha chini Jumamosi asubuhi, bure, mradi tusafishe wenyewe. Tutafundisha watoto Kiswahili cha kusoma na kuandika, na walimu watakuwa wazee wenyewe, pamoja na yule baba aliyefundisha shule ya msingi Nyarugusu na sasa anapanga mizigo ghalani. Tumebishana sana kama tufundishe cha Kigoma au cha Kivu. Tumekubaliana mtoto ajifunze cha vitabuni na aongee cha mama yake. Watoto 12 wameshaandikishwa. Bado tunahitaji mtu mwenye gari kubwa, kwa sababu wazee wawili wanaoishi Auburn hawaendeshi, na theluji ikianza hawataweza kuvuka daraja kwa miguu.